Mpiga Chapa Aliyeuliza Mara Moja

Mtu anayeweza kusoma barua yako akiwa ameketi upande wa pili wa meza si mtu wa kumwamini haraka. Mpiga chapa wa Mvara, mtaa wa mji wa Arua, alikuwa mtu wa namna hiyo. Miaka mingi alikuwa amepanga herufi za madini ya risasi, vile vipande vidogo ambavyo hutazama kinyume mpaka siku vinapokutana na karatasi, na macho yake hayakujali tena juu wala chini, kulia wala kushoto. Siku moja mwenyekiti wa mtaa alikuja kuagiza kadi za harusi ya binti yake. Akakaa kwenye benchi, akaandika majina ya familia taratibu, huku mpiga chapa akisugua rola ya wino ng'ambo ya meza. Bila kuinua kichwa, mpiga chapa akasema:

"Mwenyekiti, umesahau jina ya bibi ya pili."

"Nani amekuambia usome?"

"Mimi hapana soma. Imepita tu mbele ya macho."

Tuliokuwa pale tulicheka mpaka mwenyekiti mwenyewe akacheka, lakini aliliandika lile jina. Tangu siku hiyo watu wa Mvara waliandika mbele ya mzee huyo wakiwa wamefunika karatasi kwa kiganja, kama wanafunzi kwenye mtihani.

Karakana yake ilikuwa chumba cha matofali nyuma ya duka la mshona viatu, karibu na njia ya kwenda misheni. Ndani kulikuwa na mashine moja nyeusi ya kukanyaga kwa mguu, makabati mawili ya droo za herufi, na kamba za kuanikia karatasi kama nguo. Droo alizifunga kwa kufuli, na funguo alizivaa shingoni, chini ya shati. Nilimuuliza kwa nini mtu afungie alfabeti. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepanga kuiba.

"Kitu ndogo ndiyo napotea," alisema. "Nyumba hapana potea."

Jioni alifanya jambo lililonisumbua zaidi. Kazi ikishapigwa chapa na kukaguliwa, aliivunja pale pale. Maneno yote aliyoyapanga kutwa nzima aliyarudisha herufi moja moja kwenye vijumba vyake, na karatasi za majaribio akazichoma kwenye debe nje. Alisema herufi zikikaa zimesimama zinasahau nyumbani kwao. Mimi niliona mtu anayefuta nyayo. Asiye na hatia, nilijiambia, angekuwa na haraka gani namna ile?

Sikuwa peke yangu katika mashaka hayo. Hakuna aliyejua kwao. Mzee wa Kilugbara akimsalimia Kilugbara, alijibu Kiswahili. Mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini akimsalimia Kiarabu cha Juba, alijibu Kiswahili. Huku kwetu Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya kambini. Mtu akikitumia hata kuombea chakula, watu hujiuliza anaficha nini. Wengine walisema aliwahi kuwapigia chapa wanajeshi vitambulisho. Wengine walisema alikuwa padri aliyetoroka. Mshona viatu, jirani yake wa ukuta mmoja, alisema hajui na hataki kujua, kwa sababu mzee humpa nta ya nyuki bure, na mtu anayekupa nta bure humchunguzi.

Nta hiyo aliitoa Manibe, kwa wafuga nyuki, na aliitumia kupaka uzi wa kushonea vitabu. Vitabu ndivyo vilivyokuwa kazi yake hasa. Kadi za harusi, vyeti vya ubatizo na karatasi za nyimbo za kanisani vilikuwa vya kumpa chakula. Kwa vitabu alitengeneza hata karatasi. Alikata migomba, akachemsha vipande kwa majivu, akavitwanga kwenye kinu mpaka vikawa uji, kisha akauteka uji ule kwa chekecheo la fremu ya mbao. Karatasi yake ilikuwa nene, rangi ya chai ya maziwa, na kingo zake zilikuwa na manyoya manyoya, kwa kuwa hakuwahi kuzinyoosha kwa kisu. Kisu kwake kilikuwa cha kukatia ngozi ya mbuzi ya jalada. Kwenye karatasi, alisema, kisu ni adui.

Hukuweza kugusa kitabu chake kabla ya kunawa. Nje ya mlango kulikuwa na jagi, kipande cha sabuni na kopo la mchanga. Nilimwona akimrudisha mwalimu mkuu mzima akanawe mara ya pili.

Alikuwa na ukaidi usiokuwa na mpango. Kijana mmoja aliyetaka cheti cha ubatizo chenye tarehe ya nyuma alimfukuza kwa fagio. Wiki ile ile nikamkuta akimpigia chapa kadi mtu ambaye kila mmoja sokoni Arua alimjua kuwa mganga wa kubahatisha, na kadi ilisema "Daktari".

"Mzee, huyu si daktari," nilimwambia.

"Najua."

"Sasa?"

"Kadi hapana ponya mutu. Hapana ua mutu. Cheti iko kitu ingine."

Mimi sikuona tofauti, na niliiweka kadi ile akilini kama mtu anavyoweka jiwe mfukoni.

Jambo lingine lilikuwa kwamba alisema kila kitu mara moja. Ukimwomba arudie, alikuonyesha masikio yako kwa kidole na kuendelea na kazi. Na maneno ya mtu, yakishapangwa na kusomwa na mwenyewe kukubali, hakuyabadilisha. Kwaya moja ilikuja kulia kwamba jina la mfadhili limeachwa kwenye karatasi ya nyimbo. Aliwaonyesha mwandiko wao wenyewe, jina halimo. Wakasihi. Mashine ilikuwa bado haijakanyagwa hata mara moja. Akapiga chapa vile vile.

Niliwahi kusafiri naye kwenda Koboko, yeye akiwa na mfuko wa turubai mzito magotini. Kwenye kizuizi askari alijaribu kuuinua kwa mkono mmoja akashindwa, akashtuka, akaamuru umwagwe. Herufi zikatapakaa barabarani, maelfu. Askari akainama, akaokota moja, akaigeuza.

"Hii iko nini?"

"Maneno," mpiga chapa akasema. "Bado kupangwa."

Tulipiga magoti saa nzima tukiziokota, askari na abiria wote. Alizihesabu kwa kuupima mfuko mkononi, akasema imepungua moja. Askari akacheka, akafungua ngumi, akamrudishia. Hata leo sijui alijuaje.

Sasa niseme ni kwa nini nilimchunguza mtu huyu kuliko wengine walivyomchunguza.

Mama yangu alikuwa mkulima wa Midia, upande wa mpakani. Alipougua alihamia Mvara, kwenye nyumba aliyopanga dada yangu mkubwa, ili awe karibu na hospitali. Mimi nilikuwa huko ninakokuwaga: Bunia, Juba, Gulu, tena Bunia, popote penye lori linalohitaji mtu wa kupanga mizigo. Nilisoma mpaka sekondari na elimu hiyo niliitumia kusoma vibao vya barabarani. Mpiga chapa, niliyemzoea katika safari zangu za kupita Mvara, alikuwa jirani. Alianza kuja asubuhi na daftari la shule, akikaa kwenye mkeka na kumsikiliza mama. Ndivyo alivyotengeneza vitabu vyake: mzee wa watu anasema, yeye anaandika, kisha anamsomea yote, na mzee akikubali anaweka kidole gumba chenye wino kwenye ukurasa wa mwisho.

Nilifika wiki ya mwisho. Mama alikuwa mwepesi kama mwiko. Nilimuuliza kuhusu shamba la mtoni, lile alilokuwa akiniambia tangu nikiwa mdogo kwamba litakuwa langu. Alifumba macho, akasema, "Yote nimemwambia mpiga chapa."

Baada ya matanga mzee alituita. Alikuwa ameshona vitabu viwili, kimoja cha dada, kimoja changu, jalada la ngozi ya mbuzi lenye alama ya nyuki. Nilinawa, nikakipokea, nikaanza kupekua pale pale nikiwa nimesimama. Kulikuwa na aina za mihogo na namna ya kutambua iliyo chungu. Kulikuwa na miaka ya kukimbia, jinsi alivyovuka mpaka na dada mgongoni, na jinsi walivyorudi wakakuta nyumba imeota majani mpaka juu. Kulikuwa na namna ya kuwafukizia nyuki moshi bila kuwatia hasira. Mpiga chapa alikuwa akisema kitu, lakini mimi nilikuwa natafuta shamba. Shamba halikuwemo.

Nilichokiona kilikuwa kingine. Katikati ya kurasa, kwenye mshono, palikuwa na vipande vyembamba vya karatasi, upana wa kidole, vikitokeza kama mizizi ya jino lililong'olewa. Nilivihesabu. Vitatu. Kurasa hazikuwa na namba, na nikajiuliza: kwa nini kitabu kisiwe na namba kama hakuna cha kuficha? Nilipitisha ukucha kwenye kingo za vile vipande. Hapakuwa na alama ya wembe, palikuwa na manyoya manyoya. Hilo liliniongezea shaka tu. Mwizi fundi haachi alama.

"Mzee, hii kitabu ya mama iko pungufu," nilisema.

"Hii kitabu bado kwisha," alijibu, akageukia mashine yake.

Niliona ananidhihaki. Nilimtazama dada. Dada alitazama chini. Dada ndiye aliyekuwa akilima shamba la mtoni. Dada ndiye aliyekaa na mama miezi yote ile, na mpiga chapa akinywa chai yake. Kidole gumba cha mama kilikuwepo kwenye ukurasa wa mwisho, ndiyo, lakini kidole gumba hakijui kurasa zilizo nyuma yake.

Basi nikaitisha kikao cha wazee wa ukoo kule Midia. Asubuhi ya kikao nilikata kipande kimoja kati ya vile vitatu kwa wembe, karibu na mshono, nikakipeleka kama ushahidi. Wazee walikipokezana mkono kwa mkono. Mmoja alikiinua kwenye mwanga.

"Sasa hii inasema nini?"

"Haisemi kitu," nilijibu. "Ndiyo maana nimekileta."

Walicheka. Dada hakucheka. Alisema mbele yao, "Ndugu yangu, umekuja kunishtaki kwa karatasi tupu? Njoo nyumbani uone kitabu changu. Chako na changu ni sawa."

"Chako najua kimetengenezwa vizuri," nilimwambia. "Uliyekula naye njama hawezi kukupa kibovu."

Wazee walitutuma nyumbani tukapatane. Mimi nilipanda lori lililokuwa likielekea mpakani. Hiyo ni miaka tisa sasa.

Katika miaka hiyo nilipita Mvara mara nyingi kuliko nilivyokuwa na sababu. Nilikaa kwenye benchi la mshona viatu nikijifanya kiatu changu kimefumuka, nikimsikiliza mpiga chapa kupitia ukuta. Nilitaka nimkamate akikata ukurasa wa mtu mwingine. Sikumkamata. Nilimwona akimpa mama mmoja wa Sudan Kusini kitabu kidogo chenye majina tu, majina ya watoto wake, kila moja kwenye ukurasa wake, na mama yule akakipakata kwa mikono miwili kama chungu kilichojaa. Nilijiambia hata wachawi wana siku za mapumziko. Kisha mwenye kiwanja akakitaka kiwanja, maduka ya fotokopi ya mjini yakamnyang'anya wateja wa kadi, na siku moja nikakuta chumba kimefungwa. Mshona viatu alisema mzee amehama na mashine yake, hakusema wapi. Niliona sawa. Watu wa aina hiyo huhama.

Nilimpata mwaka huu bila kumtafuta. Nilikuwa nimeshuka Koboko kutoka mpakani, na mwendesha boda akaniuliza kama mimi pia naenda kwa mzee wa herufi, kwa kuwa wageni wengi wenye mabegi huenda huko. Nilimwambia anipeleke. Nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, kwenye chumba chenye dirisha moja, mashine nyeusi ilikuwa pale pale kana kwamba haijawahi kuondoka. Yeye alikuwa amekonda. Macho yalikuwa na ukungu, na herufi alizitafuta kwa ncha za vidole.

"Nawa," alisema, kabla sijasalimu.

Nikanawa. Jagi lile lile.

Juu ya meza palikuwa na kitabu cha ngozi ya mbuzi, chenye alama ya nyuki, kimefungwa kwa utepe wa kitenge. Kilikuwa cha mama, lakini kilikuwa kinene kuliko changu.

"Hiyo ya dada yako," alisema. "Fungua."

Nilifungua kwa mikono iliyokuwa bado na maji. Aina za mihogo. Miaka ya kukimbia. Kisha, pale ambapo kwenye kitabu changu palitokeza kipande cha kwanza, kwenye hiki palikuwa na ukurasa mzima, umegandishwa juu ya kipande kile kwa unga wa muhogo uliopikwa, ukikaa sawasawa kati ya kurasa nyingine bila kukibana kitabu. Herufi zilikuwa za mpiga chapa. Maneno yalikuwa ya dada. *Mama alipokata roho, ndugu yangu alikuwa ameshika miguu yake. Alifika kwa wakati. Nataka hilo lijulikane.*

Nikafunua mpaka kipande cha pili. *Shamba la mtoni, upande wa chini nalilima mimi. Upande wa juu nimepanda miti ya msaji. Ni ya ndugu yangu. Sijakata hata mmoja.*

Nadhani nilikaa bila kuambiwa. Hata hivyo mkono wangu, kwa mazoea yake mabaya, ulipitisha ukucha kwenye ukingo wa kile kipande chini ya ukurasa. Manyoya manyoya. Karatasi iliyotengenezwa hivyo, nyembamba tangu kwenye chekecheo, haijakatwa kutoka popote.

"Masikio," mpiga chapa alisema. "Kila kitabu mimi nashona, naweka masikio tatu. Ya watoto kuongeza. Mama alitaka. Mimi nilikuambia siku ile, mbele ya dada yako. Mara moja."

"Sikusikia, mzee."

"Ulikuwa nasoma haraka." Alinyoosha mkono. "Yako iko wapi?"

Nilikuwa nacho. Nilikibeba kwenye begi miaka yote tisa, kimefungwa kwa plastiki, kama mtu anavyobeba hati ya mashtaka. Alikichukua, akakifungua magotini, akapitisha kidole kwenye mshono taratibu. Kwenye sikio la kwanza kidole kilipita. Kwenye la pili kikasimama. Alirudi nyuma, akagusa tena. Kile kisiki kilikuwa kifupi, na ukingo wake ulikuwa umenyooka.

"Hii wembe," alisema.

Niliuokota utepe wa kitenge, nikaanza kuukunja.

"Mimi nashona vitabu mingi. Hapana ona hata moja ya kukatwa." Alikifunga. "Hii ya kwanza."

Hakukasirika. Angekasirika ningepata pa kushika. Alikiweka changu juu ya cha dada, akavisawazisha kingo, kisha akanionyesha kwa kidevu fremu ya chuma iliyokuwa imelala juu ya mashine.

"Dada yako nakuja mchana. Anachukua ukurasa ya tatu. Soma."

Herufi zilikuwa zimepangwa na kukazwa, tayari kwa wino, zote zikitazama kinyume. Miaka yote nilimwogopa mtu huyu kwa sababu aliweza kusoma namna ile, na sasa nilipaswa kusoma mimi. Hakunisaidia. Nilienda neno kwa neno, nikiweka kidole chini ya kila moja kama mtoto wa darasa la kwanza. *Mwaka huu alionekana Koboko, akinunua viatu sokoni. Amezeeka. Aliyemwona alimwambia niko nyumbani.* Kisha mstari wa mwisho, peke yake, neno moja. *Hakuja.*

Ilikuwa kweli. Viatu vile ndivyo nilivyokuwa nimevaa.

Mpiga chapa alivuta fremu upande wake. Akachukua ufunguo mdogo, akalegeza kabari za mbao zilizokaza maneno. Kwa koleo nyembamba akaanza kutoa herufi za mstari ule wa mwisho, moja moja, na kuzilaza juu ya meza. Yeye, ambaye hakumwongezea mfadhili wa kwaya hata jina. Palipokuwa na neno pakabaki upenyo mweusi.

Nje mwendesha boda alikuwa bado hajaondoka, injini ikinguruma. Kutoka hapo hadi Midia, kwa dada, si mbali.

"Hii mstari," mzee alisema, herufi ya mwisho ikiwa bado kwenye koleo, "mimi narudisha kwa fremu, ama mimi nangoja? Nauliza mara moja."

"Ngoja, mzee," nilisema, na nikatoka bila begi.